Kwa Kwaku Nsowah wa Benchi la Jumatano

Mwaka mmoja umetimia, Baba Afia, tangu alfajiri ile ulipotutoka kabla ya jogoo wa kwanza. Mungu aliyekuleta ndiye aliyekuchukua, nasi hatuna kesi naye. Tumelia kadiri tulivyoweza. Nguo nyeusi tumezifua na kuzikunja, na Jumapili ijayo tutavaa nyeupe. Watoto wameniomba niandike mimi kwa niaba ya wote, kwa sababu mimi ndiye niliyekaa nawe muda mrefu kuliko kiumbe chochote, ukiacha redio yako.

Nianze na hiyo redio. Mwaka ule mnara wa kituo chako ulipoangushwa na upepo, redio ilinguruma tu kwa miezi minane. Majirani wote walihamia vituo vingine. Wewe kila jioni uliiwasha, ukakaa kwenye kigoda chako na kuusikiliza ule mngurumo kwa heshima, kama mtu anayesikiliza hotuba ya chifu. Nilikuambia, "Baba Afia, si uzungushe kidogo tu? Kuna watu wanaongea huko pembeni."

Ukanijibu, "Na hawa wakirudi wakanikosa?"

Waliporudi hewani, mtangazaji aliwasalimu wasikilizaji wote waliongoja kwa uvumilivu. Ukanigeukia ukasema, "Ananisalimu." Sikubisha. Nadhani katika wilaya nzima ulikuwa peke yako.

Na kinyozi wako je? Mikono yake ilipoanza kutetemeka kwa uzee, ulirudi nyumbani na plasta kwenye sikio la kulia. Mwezi uliofuata, sikio la kushoto. Afia akashindwa kuvumilia.

"Baba, pale kituo cha magari kuna kinyozi mpya, ana mashine ya umeme."

"Najua."

"Sasa?"

"Nikienda huko, huyu wa zamani atamnyoa nani?"

"Si wateja wake wengine?"

"Wengine wote wamekwenda kwenye mashine." Ukashika sikio. "Tumebaki mimi na mbuzi wake."

Ninakumbuka pia jinsi nilivyoanza darasa la jioni nikiwa na miaka hamsini na miwili, nimejaa aibu. Ulinisindikiza na taa, ukakaa nje juu ya tofali mpaka kipindi kilipoisha. Ukafanya hivyo kwa miaka mitatu. Mvua iliponyesha ulihamisha tofali chini ya dirisha. Mwalimu alikuambia, "Mzee, ingia basi, nafasi ipo." Ukasema, "Mimi sikuja kusoma. Nimekuja kungoja." Ninamshukuru Mungu kwa kila herufi ninayoiandika hapa, na nyuma ya kila herufi naliona tofali lile.

Lakini mji wetu wa Bepowase haukukujua kwa redio wala kwa masikio. Ulikujua kwa benchi la Jumatano.

Kanisani kwetu kila mtu hukaa na wenzake wa siku ya kuzaliwa. Akina Kwasi na Akosua wa Jumapili hukaa mbele, na hivyo hivyo siku kwa siku mpaka akina Kwame na Ama wa Jumamosi walio karibu na mlango. Kila siku ina benchi lake, bendera yake, zamu yake ya kufagia, na asubuhi yake ya kupiga kengele ya sala. Wewe ulikuwa Kwaku, mwana wa Jumatano kama jina lako linavyotangaza, na uliliongoza benchi hilo kwa miaka arobaini na moja.

Halikuwa kundi la kujivunia, tusidanganyane. Sijui ni kwa nini wanawake wa Bepowase hawapendi kuzaa Jumatano. Benchi la Alhamisi, lililo nyuma yenu, lilikuwa na watu thelathini na wanane, ngoma tatu na tarumbeta. Siku ya mavuno waliingia kanisani na viazi vikuu vilivyorundikwa kama kichuguu. Ninyi mliingia mmebeba mkungu mmoja wa ndizi, mkiimba ule wimbo mmoja ambao seremala Tabiri anaujua.

Kanuni ya kanisa inasema benchi likiwa na watu chini ya watano, bendera yake hukunjwa na watu wake wanagawanywa kwenye mabenchi mengine. Ninyi mlikuwa watano kamili. Wewe. Mama Akua Dufie, mwenye umri mkubwa kuliko wote mjini, aliyekuwa akiletwa kwa toroli. Tabiri na wimbo wake. Akua Pokuaa, mshona nguo. Na mtoto wa Pokuaa, Kwaku mdogo, mwenye miezi minane. Watu wa Alhamisi walipolalamika kwamba yule ni mtoto mchanga, ulisimama ukauliza ni kanuni gani inayosema mshiriki lazima awe na meno. Mama Dufie akadakia kutoka kwenye toroli, "Ikiwa ni meno, mimi pia mnitoe."

Aliyelalamika alikuwa Yaw Boadum, kiongozi wa Alhamisi. Nani mwingine? Mlizaliwa mwaka mmoja, mashamba yenu ya kakao yanapakana, na mlikula sahani moja tangu mkiwa watoto wa kukimbia uchi. Siku sita za wiki mlikuwa kama kidole na kucha. Jumapili alikaa kwenye benchi la nyuma yako, na muda wote wa mahubiri alikuwa akikunong'onezea kisogoni, "Kwaku, watu wako wako wapi? Au wamekwenda haja?"

Sasa niwasimulie wasomaji siku ile.

Ulikuwa umetimiza miaka sabini. Boadum naye alitaka kufanya ibada ya shukrani ya miaka yake sabini, akaenda ofisi ya kanisa kutafuta tarehe yake kwenye kitabu cha zamani cha ubatizo. Wewe ulikuwa unageuza kakao juani na mimi nilikuwa natwanga mihogo ya fufu. Tukamwona anakuja mbio, nguo imemteleza begani, kitabu kikubwa kwapani.

"Kwaku! Kwaku Nsowah! Toka huko!"

"Nyumba ya nani inaungua?"

"Yako! Wewe si Kwaku!"

"Mimi ni nani basi?"

"Wewe ni Yaw! Yaw kama mimi! Umezaliwa Alhamisi, ndugu yangu! Karibu nyumbani!" Akakukumbatia, na wewe na mikono yako ya kakao.

"Boadum, umeanza kunywa asubuhi hii?"

"Sijaonja hata tone. Mama Afia, wewe umesoma. Weka mchi chini, usome hapa."

Nilifuta mikono, nikasoma. Mungu anisamehe, hiyo ndiyo siku pekee niliyotamani nisingejua kusoma. Wino ulikuwa umefifia lakini maneno yalisomeka: mtoto wa kiume wa Nsowah na Sarfoaa, amezaliwa Alhamisi kabla ya jogoo wa kwanza.

"Inasema Alhamisi," nilisema.

"Rudia, nifurahi," akasema Boadum.

Wewe ulikuwa umerudi kugeuza kakao. "Aliyeandika alikosea."

"Aliyeandika ni mwalimu wa kanisa!"

"Naye alikuwa mtu."

Tukaenda wote watatu kwa Mama Dufie, kwa kuwa yeye alikuwa msichana wa miaka kumi na minne ulipozaliwa, na ndiye aliyekuwa akibeba maji ya mkunga. Alikuwa anamenya mihogo. Hakuinua hata uso.

"Ndiyo, Alhamisi," alisema. "Uchungu ulimshika mama yako Jumatano asubuhi. Baba yako hakuweza kukaa. Akatoka akauambia mji mzima, 'Kwaku amekuja!' Akamwambia chifu, akawanywesha wazee wa watu tembo. Kwaku mwenyewe hajaja. Mama yako yuko ndani analia. Ukaja Alhamisi, jogoo bado kuwika. Nikamkimbilia baba yako nikamwambia, 'Mjomba, huyu ni Yaw.' Akanitazama hivi. Akasema, 'Nimeshamwambia chifu ni Kwaku. Mimi si mtu wa maneno mawili. Atakuwa Kwaku.'"

"Na wewe, Mama Dufie, umenyamaza miaka sabini?" nilimuuliza.

"Kuna mtu aliyeniuliza?"

Boadum alicheka mpaka akakaa chini. Wewe hukucheka. Tulipofika nyumbani ulikaa kwenye kigoda, hukuwasha redio, nami nikajua jambo ni zito. Mwishowe ukasema, "Mama Afia, nikihama, kule wanabaki wanne."

"Basi usihame."

"Nikiulizwa kanisani, niseme uongo?"

Hapo ndipo penye mzigo, na sikuwa na mkono wa kukusaidia kuubeba. Kwenye uongo hukuwahi kuingia hata siku moja. Kwenye kuwaacha watu wako pia hukuwahi. Nilifanya nilichoweza. Nilipiga magoti.

Mwezi mzima kabla ya mkutano wa kanisa ulioitishwa kuamua jambo hilo, Boadum hakukuita kwa jina lingine ila Yaw. Sokoni Yaw, kisimani Yaw. Wewe hukugombana naye. Hukuitika, basi. Asubuhi moja alisimama mpakani mwa mashamba akapaza sauti, "Yaw! Wee Yaw! Mbuzi wameingia kwenye miche yako ya kakao!"

Ulikuwa umekaa barazani unakunywa uji.

"Baba Afia, husikii?"

"Nasikia. Anamwita Yaw."

"Mbuzi wanakula miche!"

"Huyo Yaw asipokwenda haraka, atapata hasara."

Nilikimbia mimi. Tulipoteza miche ishirini na tatu. Jioni Boadum alileta miche thelathini ya kwake, akaipanda mwenyewe, akiwa amekasirika kuliko wewe. "Mtu gani huyu?" aliniuliza mikono ikiwa imejaa udongo. "Mama Afia, umewezaje kuishi naye?"

Siku ya mkutano kanisa lilijaa hadi madirishani. Mchungaji wetu, kijana mwenye moyo mzuri, alikisoma kitabu mbele ya wote, kisha akakuita.

"Mzee Nsowah, mbele za Mungu, ulizaliwa siku gani?"

Ulisimama.

"Mchungaji, nilizaliwa Alhamisi."

Benchi la Alhamisi lililipuka. Tarumbeta ikalia. "Yaw! Yaw! Yaw!" Boadum alikuwa amesimama juu ya benchi kama mvulana. Kwa upande wa Jumatano, Pokuaa alikuwa analia, na Tabiri alikuwa ameushika mti wa bendera kwa mikono miwili kama mtu anayeogopa kuibiwa.

Ulingoja kelele ziishe. Halafu ukasema, "Ila nina swali. Mtu akipanda gari Kumasi Jumatano, barabara ikawa mbaya, akafika Alhamisi alfajiri. Tiketi yake imeandikwa siku gani?"

Mchungaji alifikiri. "Jumatano."

"Mama yangu aliianza safari hiyo Jumatano, Mchungaji. Barabara ndiyo iliyokuwa mbaya."

Wanawake wote kanisani walipiga makofi, hata wa Alhamisi. Mama Dufie akasema kwa sauti, "Ilikuwa mbaya sana, nilikuwepo."

"Hiyo ni hila!" Boadum alipiga kelele. "Mtu huzaliwa siku aliyofika!"

Ukamgeukia, na sauti yako ilikuwa ya upole. "Inawezekana ni hila, ndugu yangu. Mchungaji akisema nihame, nitahama, maana nimefundishwa kutii. Ila naomba niendelee kuja Jumatano kupiga kengele kama mgeni. Hawa wamezoea kuniona. Na mimi sijui kuamka siku nyingine."

Mchungaji alitazama bendera, akamtazama mtoto mchanga, akautazama umati. Kisha akatoa uamuzi ambao nadhani ndio uliomfanya apendwe Bepowase: atawaandikia barua wakubwa wa kanisa kuwauliza, na mpaka watakapojibu, kila mtu abaki alipo.

Barua hiyo haijajibiwa hadi leo.

Ukabaki. Miaka minne mingine, kila Jumatano saa kumi na moja alfajiri, uliigonga ile ringi ya lori iliyotundikwa nje ya kanisa, ambayo ndiyo kengele yetu. Mapigo yalikuwa kumi na mawili, hayakuzidi hata moja. Watu walirekebisha saa zao kwako. Pigo la kumi na mbili lilipolia, niliteka maji ya kuoga nikiwa na hakika kwamba utaingia kabla ndoo haijajaa. Zamani nilidhani mtu thabiti ni kama jiwe, asiyesogea kwa kuwa hawezi kusogea. Nilipokuona ukitafuta viatu gizani na mgongo unakuuma, nilielewa kwamba kubaki ni kazi, na kila Jumatano inaanza upya.

Ukatuacha Alhamisi, kabla ya jogoo wa kwanza. Jana yake ulikuwa umepiga kengele.

Boadum ndiye aliyefika wa kwanza mlangoni. Nilimwogopa, nikadhani atasema neno lake kuhusu Alhamisi. Mtu mzima yule alisimama akashika kizingiti, halafu akasema tu, "Kwaku." Kwa miaka minne hakuwa amelitamka jina hilo. "Kwaku. Kwaku, bwana." Nikamwingiza ndani.

Tangu hapo wa Jumatano walibaki wanne. Mchungaji alisema bendera haitakunjwa kabla ya mwaka wa msiba kwisha, kwa heshima yako. Kengele ya Jumatano aliipiga Tabiri alipokumbuka, na mara nyingi hakukumbuka. Nilikuwa nikilala macho kumi na moja ikinipita kimya. Nilimwomba Mungu ampeleke mtu. Nilimwambia wazi kwamba simchagulii, lakini awe mtu anayeamka mapema.

Jumapili iliyopita mwaka ulikuwa umekwisha. Ninakusimulia hili, Baba Afia, ingawa naamini ulikuwa unaona.

Baada ya mahubiri Mchungaji alimwomba Tabiri alete bendera mbele. Ni ile aliyoishona mama yako, Sarfoaa, yenye pindo la bluu. Tabiri hakuinuka. Mchungaji akamwita mara ya pili. Mama Dufie akafumba macho. Ndipo nyuma yao mtu akakohoa, na Boadum akasimama.

"Mchungaji, naomba kuuliza."

"Uliza, Mzee Boadum."

"Kuna kanuni inayosema wa benchi la Jumatano lazima awe amezaliwa Jumatano?"

"Mzee wangu, si ndiyo maana ya benchi lenyewe?"

"Mbona basi mtu wa Alhamisi aliliongoza miaka arobaini na moja?"

Mchungaji akajikuna. "Lile jambo... tulikuwa tumeandika barua."

"Imejibiwa?"

"Bado."

"Basi na mimi niandikie barua," alisema Boadum, akauchukua mto wake wa kukalia. "Nitangoja jibu nikiwa nimekaa pale."

Benchi la Alhamisi lilipiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kanisani. "Msaliti!" "Kiongozi, unatukimbia?" "Rudisha tarumbeta!"

"Tarumbeta ni yenu," aliwajibu bila kugeuka. "Ninyi ni thelathini na wanane. Nikitoka, nani atajua?" Kisha akasimama katikati ya njia, akatugeukia sote. "Tangu tukiwa watoto nilikaa nyuma ya kisogo chake. Kisogo chenye plasta! Mnadhani nilikuwa natafuta mtu wa kuongeza hesabu? Nilitaka akae karibu nami, tu. Yeye hakuja. Basi nimekuja mimi."

Alijipenyeza akaketi pale pale ulipokuwa ukikaa wewe, mwisho wa benchi. Mama Dufie akafumbua macho.

"Si hapo."

"Nini tena, Mama?"

"Hapo ni pake. Sogea."

Boadum akasogea. Nafasi yako ikabaki wazi, naye akakaa kando yake. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yenu kukaa benchi moja. Tabiri akaanza ule wimbo wake bila kuombwa, na kanisa zima, hata wa Alhamisi, tukamsaidia kuuimba, kwa kuwa baada ya miaka yote hii hakuna asiyeujua.

Mchungaji alisema bendera irudi mahali pake.

Jumatano hii niliamka saa kumi na moja kasorobo, nikangoja. Kumi na moja ikafika, kimya. Na robo, kimya. Nikasema moyoni, Mungu wangu, nilikuambia awe anayeamka mapema. Saa kumi na moja na nusu ringi ililia kama mtu anayepigana na bati. Nilihesabu. Kumi na mawili. Kumi na matatu. Kumi na manne. Kisha kimya, halafu moja zaidi, la kujutia nadhani. Nilitoka nje na kanga yangu, nikamkuta anapita anarudi nyumbani, nguo imemteleza begani.

"Mzee Boadum, umechelewa nusu saa, na umezidisha matatu."

"Shemeji, niache," alisema. "Nilikuwa nazoea. Yeye alikuwa na miaka arobaini na moja, mimi nina siku moja." Akaenda hatua chache, akarudi. "Jumatano ijayo nitakuja saa hiyo hiyo."

"Kumi na moja?"

"Na nusu," alisema. "Lakini kila Jumatano."

Nilicheka, Baba Afia. Nilicheka peke yangu uani mpaka machozi yakatoka, na yalipotoka hayakukatika upesi.

Fundi wa jiwe la kaburi alikuja kuniuliza aandike nini, kwa sababu mji mzima una maoni. Nimemwambia aandike KWAKU NSOWAH, na chini yake tarehe ya kweli iliyo kitabuni, maana hukupenda uongo. Atakayehesabu siku atagundua kwamba jina na tarehe havipatani. Aje nyumbani. Tutamwekea kigoda na kumsimulia yote tangu mwanzo.

Ibada ya shukrani itafanyika Jumapili ijayo katika kanisa la Bepowase. Wote mnakaribishwa, kila mmoja kwenye benchi lake, au kwenye benchi alilolichagua.

Unakumbukwa na mimi mkeo, Akosua Frema; watoto wako Afia Tweneboaa, Kwabena Nsowah na Adwoa Bemah; wakwe zako na wajukuu wako tisa; kinyozi wako, ambaye sasa anamnyoa Boadum; watu wa benchi la Jumatano, Mama Akua Dufie, Tabiri, Akua Pokuaa na Kwaku mdogo ambaye sasa ana meno yote; na ndugu yako wa utotoni, Yaw Boadum, wa Jumatano.

Redio haijaguswa. Iko pale pale ulipoiacha.

Tutakukumbuka kila Jumatano kengele ikilia, iwe imewahi au imechelewa, na siku sita zilizobaki vilevile, daima.